Mbelewele Isiyo na Vumbi

Januari, barabara ya Kipushi, matope mekundu hadi vifundoni.
Tulikuwa wanawake kumi na wanane na kichuguu kimoja
kirefu kuliko nyumba; pale tuliacha viatu, chupa za maji, na watoto wa wenye watoto.
Kazi yetu ilikuwa kung'oa uume wa mahindi.
Mama Musau ndiye aliyeiita hivyo, na hakucheka.
Mistari minne mama, miwili baba,
minne mama, miwili baba, mpaka ukingo wa Kafubu.
Kwa mama unang'oa mbelewele kabla haijafunguka,
kwa baba unapita mikono nyuma, kama mtu dukani bila faranga.
Ukisahau mmoja, alisema msimamizi,
mama atajizalisha mwenyewe, na gunia zima litakuwa uongo.

Misimu sita. Jani la mhindi lina meno.
Mume wangu Mwewa aliijua michubuko ya mikono yangu
kuliko alivyoujua ugonjwa wetu,
maana ugonjwa ulikuwa na jina moja tu, nalo langu.
"Numbi ni tasa," walisema dada zake kule Katuba,
kisha wakanimegea bukari tonge la kwanza, kubwa,
kama mgonjwa.

Msimu wa saba akaja Kyungu, agronomu,
kijana wa kalamu tatu mfukoni, moja tu inaandika.
"Bamama, mwaka huu hamutakata."
Akainamisha mhindi wa mstari wa mama
akaukung'uta juu ya kitenge changu cheusi.
Tukangoja.
Kishada kilikuwa kizima, matawi yake, vifuko vyake,
kimesimama kama askari siku ya gwaride,
na hakikuangusha kitu.
Akakung'uta wa mstari wa baba:
kitenge kikawa njano, nikapiga chafya.

Wenzangu waliuliza habari ya mshahara.
Mimi niliuliza: nani kamfanya hivi?

Akachora matopeni kwa kijiti.
Duara, na ndani yake duara dogo.
Hapa katikati ni kiini, baba na mama wamechanga sawa.
Lakini huku nje, kwenye ute, kuna majiko,
majiko madogo ya nguvu, na haya hayana baba.
Bibi humpa mama, mama humpa mwana,
kama sufuria ya arusi.
Katika mbegu hii jiko lina hitilafu.
Linapika shina, linapika jani, linapika gunzi;
chavua ikiomba moto, linazima.

"Na mtoto wake?"
"Angekuwa vilevile. Ila baba tumemchagua:
kwenye kiini ana jeni inayotengeneza jiko lisilo lake.
Tunaiita kirejeshi."

Kirejeshi. Nililibeba neno hilo kwa miguu hadi Katuba,
mdomoni, kama sarafu.
Nyuma ya picha yetu ya arusi, tangu Agosti,
kuna karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne.
Jina juu yake ni Mwewa. Hesabu ni sifuri, na muhuri.
Niliikuta nikipangusa kioo, nikairudisha ilivyokuwa.
Somo la Kyungu halikunifaa, nalijua:
kwa mahindi kosa linapitia kwa mama,
na dada zake wangelishangilia hilo wiki nzima.

Hata hivyo niliiba mbelewele moja,
nikaisimamisha mezani ndani ya chupa ya soda.
"Ua gani hili?" akauliza.
"Dume," nikasema. "Kamili. Halitoi vumbi tu.
Kosa si lake, wala hakuna aliyelitukana shambani."
Akakikung'uta kishada juu ya kiganja,
mara moja, mara tatu, akakigeuza mwangani.
Kisha akatazama ile picha. Hakunitazama mimi.
Uani dada yake alikuwa akiita, bukari inapoa,
na kwa mara ya kwanza
Mwewa ndiye aliyechelewa kuinuka.

Machi walituita wanne tu, kuvuna.
Mama Musau hakuwemo.